Kiswahili cha Madame

Maman Béa ndiye aliyenipa ufunguo wa nyumba ile, na pamoja na ufunguo akanipa onyo. Tulikuwa tumesimama kwenye kituo cha tramu pale Forest, huku Ubelgiji, yeye akiegemea fimbo kwa sababu ya goti lake, mimi nikiwa na wiki tatu tu katika kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Goti lilikuwa limemshinda ngazi, kwa hiyo mgonjwa wake wa ghorofa ya tatu alikuwa anakuwa wangu.

"Ule mumama anajua Swahili," aliniambia. "Mais si Swahili ya ku-causer, ya kuongea na muntu. Ni Swahili ya kutuma muntu."

Nilicheka. Maman Béa ni mtu wa Lubumbashi, na watu wa Lubumbashi hawakosi la kusema. Sikujua kuwa alikuwa amenieleza karibu yote, na kwamba mimi ingenichukua miaka minne kuyaelewa.

Nitamwita Madame, kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote, hata mwanawe alipozungumza nasi: Madame amekula? Madame amelala? Alikuwa amepita miaka themanini na mitano, mwembamba, mgongo wima, nywele nyeupe alizozibana kwa vibanio viwili vya mfupa. Kwa miaka arobaini alikuwa na duka la dawa, na bado wazee wenzake walimsimamisha njiani ili kumwonyesha kidole kilichovimba au ulimi uliobadilika rangi. Alisimama, akavaa miwani, akaangalia. Hakumkimbiza mtu. Kulikuwa na mlevi aliyekaa siku zote mbele ya duka la mikate, na Madame alikuwa akimsafisha kidonda cha mguu kwa dawa, yeye mwenyewe, amepiga magoti kwenye baridi na sketi yake nzuri ikigusa lami.

Kwa Kifaransa, hakuna mtu aliyewahi kuniheshimu kama yeye. Aliniambia tafadhali alipotaka taulo, asante nilipompa, samahani nilipoinama kumvalisha soksi. Lakini ugonjwa ulikuwa unakila Kifaransa chake. Daktari alimweleza mwanawe kwamba wagonjwa wa namna hii hurudi kwenye lugha za utotoni, na kwamba siku zao hupanda na kushuka: leo hamtambui mtoto aliyemzaa, kesho anakusahihisha tahajia. Mwanawe alidhani kitakachobaki ni Kiflemi cha bibi zake. Kilichobaki kilikuwa Kiswahili, alichojifunza utotoni kwenye shamba la kahawa la baba yake, katika milima iliyo juu ya ziwa, upande wetu.

Mimi nilizaliwa Kalemie. Vita vilituvusha ziwa hadi Kigoma na huko ndiko nilikosoma, ndiyo maana Maman Béa husema Kiswahili changu ni cha redio. Nilifikiri nitakuwa faraja kwa mzee yule, maana ni nani mwingine katika mtaa mzima angemwitikia kwa lugha ile? Asubuhi ya pili tangu nianze, nikiwa jikoni, nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku ya kwanza, sauti ya juu, kavu, isiyo na umri.

"Weye! Kuya hapa! Leta mayi moto. Pesi-pesi!"

Miguu yangu ilitangulia kabla akili haijafika. Nilikuwa nimeshamfikia na beseni mkononi ndipo nilipojiuliza ni nani aliyenikimbiza.

Polepole niligundua kwamba Kiswahili chake hakikuwa na maswali. Leta. Toa. Pangusa. Bado muchafu. Funga. Toka. Kimya. Nilijaribu kumsalimia kwa salamu zetu, habari ya kuamka, habari ya mwili, akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Neno "muongo" alilipenda kuliko mengine yote. Alimwambia mtangazaji wa televisheni, alimwambia njiwa wa roshani, na mara moja nilimkuta bafuni, uso karibu na kioo, akilisema taratibu, mara nne au tano, bila hasira yoyote.

Kisha kulikuwa na Kiswahili cha pili. Hicho kilikuja akichoka, kama saa nane za mchana. Mdomo ulilegea, sauti ikapanda na kuwa ya kitoto. "Yaya, nibebe. Yaya, miguu inawasha. Yaya, usiende." Yaya nilikuwa mimi. Alitaka kulala kichwa kikiwa pajani mwangu, na nilimwacha alale, nikampapasa zile nywele nyeupe huku akivuma wimbo wa kubembelezea watoto, wimbo ambao mama yangu pia aliuvuma. Siku hizo nilimpenda. Sioni sababu ya kuficha. Niliporudi kwangu Laeken nilimwambia mume wangu kwamba mwanamke fulani, huko milimani, alikuwa amemlea mtoto yule kwa mapenzi kweli, maana mapenzi ya namna ile hayatoki hewani.

Lakini kila nilipogeuza ufunguo mlangoni, sikujua ni nani kati ya hao angenipokea.

Alikuwa na desturi moja ambayo sikumwambia mtu yeyote kwa muda mrefu. Nilipovaa koti niondoke, alikuja hadi mlangoni na kusema, "Onyesha mukono." Nikanyoosha mikono. Aliitazama viganja, akaigeuza, akaitazama migongo yake, akaangalia chini ya kucha. Kisha: "Enda." Mwanzoni nililichukulia kama jambo la ugonjwa. Baadaye nilifikiri kwamba huko shambani wachumaji walikaguliwa hivyo jioni, na msichana mdogo wa bwana alisimama pembeni akijifunza. Kilichonitisha si yeye. Kilichonitisha ni asubuhi moja ya mwaka wa pili ambapo nilijikuta nimesimama mlangoni, mikono imenyooshwa mbele, viganja juu, na yeye alikuwa bado hajasema neno.

Wiki hiyohiyo alimshonea binti yangu koti. Lilikuwa lake la ujana, la sufu nzito, na alilipunguza mwenyewe. Vidole vilitetemeka, uzi ulimponyoka, akaanza upya. Asubuhi tatu nzima kwa vifungo sita. Binti yangu analivaa mpaka leo, na mimi kila ninapolitundika sijui nifikiri nini.

Madame hakunywa kahawa. Katika jiji hili ambalo mgeni hajavua kofia ameshawekewa kikombe, yeye hakuruhusu hata punje ndani ya nyumba. Jirani wa chini alipokaanga yake Jumamosi moja, kwa mtindo wa kwao, harufu ilipanda kwenye ngazi na Madame akatapika juu ya zulia. Mwanawe aliniambia imekuwa hivyo tangu azaliwe yeye. "Alikulia ndani ya kahawa," alisema akitabasamu. "Nadhani alishiba."

Na kulikuwa na bilauri ya maji. Kwenye korido palikuwa na kabati la kuwekea mifagio na mashine ya vumbi, mlango wake mwembamba umepakwa rangi ya kijivu. Kila asubuhi nilikuta bilauri imejaa maji, sakafuni, mbele ya mlango huo. Siku za kwanza niliipiga teke bila kuiona na kumwaga maji. Niliiosha, nikairudisha rafuni. Kesho yake ilikuwa pale tena. Nilipomuuliza kwa Kifaransa, alisema kwa adabu kwamba hajui ninachozungumzia. Nilipomuuliza kwa Kiswahili, alisema, "Kimya."

Ukutani sebuleni palikuwa na picha kubwa ya shamba, na mwanawe aliipenda kuliko kitu chochote mle ndani. Alikuwa mhandisi mstaafu, mtu mpole, aliyezaliwa hukuhuku Ubelgiji na hajawahi kufika kwetu. Alikuwa anaandaa kitabu cha familia kwa ajili ya wajukuu, chenye picha na kumbukumbu za mama yake. Picha hiyo ingekuwa jalada. Baba mzungu mwenye kaptula, mikono nyuma. Meza ndefu za kuanikia kahawa. Ghala la mabati. Safu ya wafanyakazi waliosimama kama askari. Upande wa kulia, mwanamke kijana amembeba mtoto mdogo wa kizungu, na msichana wa miaka kama tisa ameshika kitambaa chake cha kiunoni. Msichana huyo ndiye Madame. Karibu yao mwanamume mrefu, mwenye filimbi shingoni.

"Huyu ni Feruzi," mwanawe alinieleza. "Mlinzi wa meza za kuanikia. Mvua ikija anapiga filimbi, watu wote wanakimbia kufunika kahawa. Na huyu ni mkewe, yaya wa mama yangu."

Nilisikia jina hilo, nikausogelea uso ule pichani. Bibi yangu Kalemie alitufundisha kuyatambua majina kama hayo. Feruzi, Mabruki, Almasi: ni majina ambayo mabwana waliwapa watumwa wao katika misafara, kama mtu anavyotaja mali ya sandukuni. Misafara ilipokwisha, waliokombolewa walibaki kando ya ziwa, wakawapa wajukuu majina yaleyale, kwa kuwa hawakuwa na mengine. Kwa hiyo mtu huyu aliyesimama na filimbi, babu yake aliwahi kuuzwa.

Nilimwambia mwanawe. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, kama mtu anayekurekebishia hesabu, "Lakini sisi hatukuwa na watumwa, Justine. Walikuwa na mikataba."

Nilimrudishia Maman Béa maneno hayo siku tuliyokutana sokoni. Alisimama katikati ya watu, mfuko wa sombe, yaani kisamvu, mkononi.

"Contrat?" alisema. "Nkambo yangu, ule babu, alifanya contrat ku shamba ya bazungu. Donc weye ukiacha kazi mbele contrat haiyaisha, banakuya na polisi, banakurudisha na kamba. Hiyo ni contrat? Eh, maman!"

Madame mwenyewe alikuwa na msemo wake wa Kifaransa juu ya mambo hayo, na aliutoa kila wageni walipoitazama picha: "Hatukuwa wabaya. Tulikuwa watu wa wakati wetu." Aliusema vizuri, kichwa kimeinama kidogo, na wageni wakaridhika. Nilizoea kuangalia mikono yake wakati akiusema. Ilikuwa imekamatana kiasi cha kubadilika rangi.

Kila Alhamisi mwanawe alikuja na mkate, akaweka simu kwenye kabati la vyombo ikiwa inarekodi, akaketi na mama yake au akatuacha sisi wawili tuzungumze ili Kiswahili kitoke. Kisha nilitakiwa kuandika tafsiri katika daftari. Alitaka nyimbo na majina ya ndege. Nilimpa nyimbo na majina ya ndege. Amri na matusi niliyaruka. Pale mama yake aliposema "fimbo kumi na mbili, kisha chumvi", mimi niliandika: anakumbuka jikoni. Sikujiona mwongo. Nilijiona mtu mwenye adabu, na pia mtu mwenye watoto watatu, ambaye mume wake alikuwa ndiyo kwanza amepoteza kazi kiwanda cha magari kilipofungwa.

Alhamisi moja ya vuli mwanawe alishuka kwenda kununua siagi. Mvua ilianguka ghafla, kubwa, ikapiga kioo cha paa la jikoni kama mtu anayemwaga kokoto. Madame aliruka kutoka kitini. Sijui nguvu ile ilitoka wapi.

"Filimbi! Filimbi iko wapi?"

"Tulia, Madame. Ni mvua tu."

Alinishika kifundo cha mkono. Macho yalikuwa ya mtoto, lakini mshiko haukuwa wa mtoto.

"Yaya. Kuya karibu. Feruzi hakukimbia."

Nilikaa. Simu ilikuwa kwenye kabati, taa yake nyekundu inawaka, na mimi niliiona nikaisahau.

"Filimbi nilikamata miye," alisema. "Nilikuwa nacheza. Niliificha chini ya kitanda. Mvua ilikuya, Feruzi anatafuta filimbi, hapana. Anapiga kelele, bantu hawasikii. Kahawa yote mayi. Papa aliuliza. Feruzi alisema, mutoto alikamata filimbi. Miye nilisema, muongo. Feruzi muongo."

"Halafu?"

"Fimbo. Bantu yote wanaangalia. Halafu depo, ile ya mabati, Papa alifunga mulango. Alikuwa anaita. Mutoto, mayi. Mutoto, mayi." Sauti yake ilishuka, akawa anaiga sauti ya mtu mzima, ya mwanamume, kutoka mbali. "Miye nilileta bilauri. Lakini mulango ilikuwa ya kufungwa. Niliiweka chini. Mayi ilibaki inje, yeye ndani."

"Siku ngapi, Madame?"

Alinyanyua vidole viwili.

"Weye ulikuwa ku misioni na bébé, bébé alikuwa na homa. Ulirudi. Papa alisema, Feruzi alivuka ziwa, alikuacha. Weye ulilia. Halafu jioni uliniimbia." Alinitazama usoni, akitafuta kitu. "Hakuvuka, Yaya. Alikufa mu depo."

Kwa dakika moja nilikuwa yule mwanamke. Siwezi kueleza kwa namna nyingine. Nilikaa nimemshika mkono mtoto ambaye ulimi wake ulimuua mume wangu, mtoto niliyemwogesha na kumlisha mwaka baada ya mwaka huku wanawake wenzangu wakinicheka kisimani kwamba nimekimbiwa. Kisha nikarudi kuwa mimi, mgeni kabisa katika jambo hili, na nikaona kwamba hakuna mwingine aliye hai aliyelisikia.

Ufunguo uligeuka mlangoni. Mwanawe aliingia na siagi, akaona mama yake anatetemeka.

"Anasema nini?"

"Anaogopa mvua," nilijibu.

Nilikaa wiki tatu na nakala ya rekodi hiyo bila kuitafsiri. Mwanawe aliniuliza kwa upole, sikumpa kitu. Nilipokwenda kwa Maman Béa nilimweleza yote, naye alisikiliza huku akichambua maharage, bila kunyanyua uso.

"Justine," alisema nilipomaliza. "Ule muntu alishakufa. Weye uko na batoto batatu na bwana hana kazi. Bon. Andika 'mvua', enda kwako."

"Ndivyo nilivyofikiri."

Alichambua kidogo zaidi. Kisha mikono yake ikasimama.

"Nkambo yangu naye banasemaka alikimbia," alisema. "Kule ku contrat."

"Alikimbilia wapi?"

"Hatuyue. Banasemaka tu vile, alikimbia. Bibi yangu alimungojea mpaka alizeeka." Akafuta mikono kwenye aproni, akaondoka chumbani, na hakurudi kwa muda.

Alhamisi iliyofuata mwanawe alinisomea ukurasa wa kitabu chake. Alikuwa ameuandika kwa upendo. Alitaka nimwambie kama Mwafrika atauona mzuri. Ukurasa ulisema kwamba babu alidanganywa mara moja tu maishani, na mlinzi aliyemwamini, ambaye baada ya kuharibu mavuno kwa uzembe alitoroka ng'ambo ya ziwa na kumtelekeza mkewe. Na kwamba familia haikumtupa mwanamke yule, bali ilimpa kazi na paa hadi siku ya kuondoka.

"Vipi?" aliuliza.

Nilimwambia anipe daftari.

Niliandika mezani kwa Madame, mchana ule ule, kurasa nne, kila neno kama alivyolisema, kwa Kiswahili chake upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, pamoja na yale yote niliyoyaruka miaka mingine. Madame alikuwa amelala kwenye kiti. Mwanawe alisoma amesimama. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Masikio yalikuwa mekundu.

"Ni mgonjwa," alisema. "Wagonjwa hubuni mambo."

"Inawezekana, bwana."

"Una hakika?"

"Nina hakika na maneno. Ni hayo. Rekodi unayo, mpe mtu mwingine."

Alichana kurasa zile kutoka daftarini, akazikunja mara mbili, akaziweka mfuko wa ndani wa koti. Alinishukuru. Alinifungulia mlango mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jumatatu asubuhi shirika lilinipigia simu: familia imeomba mhudumu mwingine, hakuna lalamiko lolote, nitapelekwa kwa bwana mmoja Laeken, karibu na kwangu. Nirudishe ufunguo.

Miezi minane sikusikia chochote. Nilimfikiria mhudumu mpya, nikajiuliza kama anajua Kiswahili, nikatumaini hajui. Nilikuwa na hofu niliyoshindwa kuipa jina. Sikuogopa kushtakiwa. Niliogopa kwamba karatasi zimechomwa, na kwamba sasa nimebaki mimi peke yangu, mtu wa tramu na beseni, nikimbeba marehemu asiyekuwa wangu.

Kisha mwanawe akapiga simu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani.

"Mama yuko hospitalini, Jette," alisema. "Mapafu. Anakuulizia. Kwa jina lako."

Madame hakuwahi kunitaja kwa jina. Kwa Kifaransa nilikuwa "mpendwa wangu", kwa Kiswahili nilikuwa "weye" au Yaya. Nilivaa koti, nikaenda.

Mwanawe alinisubiri koridoni. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimeota bila mpango. Alisema alizitunza zile karatasi muda mrefu bila kujua azifanyie nini. Kwamba kitabu amekisimamisha. Na kwamba wiki iliyopita mama yake alikuwa na siku nzuri, moja ya zile siku ambapo anajua tarehe na anajua anakufa, na hapo ndipo alipompa mama karatasi azisome.

"Alisema nini?"

"Alisema nikuite."

Alikuwa ameketishwa kwenye kiti karibu na kitanda, mirija puani, nywele zimebanwa vizuri. Karatasi zangu zilikuwa magotini. Nilipoingia alinitazama, na nilijua mara moja kwamba siye mtoto, wala siye binti wa bwana wa shamba. Ni mfamasia.

"Keti, Justine, tafadhali," alisema kwa Kifaransa. "Na wewe pia," akamwambia mwanawe. "Usisimame mlangoni."

Tuliketi. Nilingoja akanushe. Nilikuwa nimejiandaa tangu kwenye tramu: nitasema ndiyo, Madame, naelewa, Madame, kisha nitaondoka.

"Umeandika vizuri," alisema. "Una mwandiko safi. Kuna kosa moja."

"Lipi, Madame?"

"Hapa." Aliweka kidole kwenye mstari. "Umeandika siku mbili. Hazikuwa mbili. Zilikuwa nne."

Mwanawe alisema, "Mama." Madame alinyanyua mkono kumzuia, bila kumtazama.

"Mtoto alisema mbili kwa sababu mbili zinabebeka," alisema. "Mimi si mtoto. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nilikata neno, nikaandika lingine juu yake. Aliinama kuhakikisha.

"Ghala lilikuwa karibu na nyumba," aliendelea. Alipumzika baada ya kila sentensi, akavuta hewa ya mrija. "Tulikula chumba cha mbele. Baba, mama, mimi. Tulimsikia. Baba aliongea juu ya bei na juu ya lori. Mama aliniambia nisiweke viwiko mezani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne alikuwa na sauti ndogo sana, lakini ilifika. Mama akaniambia nikafunge dirisha. Nikaenda, nikafunga. Tukamaliza kula. Andika hilo. Andika kwamba nilifunga mimi."

Niliandika. Mwanawe alikuwa ameufunika uso kwa mikono yote miwili. Koridoni mtu alipita akisukuma kitoroli cha chakula, na tulisubiri hadi kilipopita.

Nilimuuliza swali moja tu. Nilimuuliza kuhusu yaya, kama hakuna aliyemnong'oneza ukweli kamwe.

"Waliobeba maiti ya Feruzi walihamishiwa shamba jingine usiku huohuo," alisema. "Yaya alirudi kutoka misheni kesho yake, na mdogo wangu mgongoni. Alinikuta nimefunga madirisha yote ya nyumba. Yote, hata ya jikoni. Alinicheka, akaniuliza kama naogopa nyani. Kisha akapita chumba hadi chumba, akayafungua."